Dikisionere ya dola 8 ya pale Birere: haina "recognize", ila iko na neno lenye sikulitegemea

Naandika hii ju watu watatu wameshaniuliza nilitosha wapi ile dikisionere kubwa ya Kingereza yenye natembeaka nayo ku masomo ya jioni, na kila mara nikianza kueleza motari, ule wa pikipiki, anapiga honi, basi leo nasema yote mara moja, muzuri yake na mubaya yake, kisha musiniulize tena.

Niliinunua hapa hapa Goma, Birere, ku papa mumoja wa vitabu pembeni ya barabara. Hana butike, hana kibao, iko na bashi ya bluu tu, asubui anatandika, jioni anakunja. Kushoto kwake ni viatu vya mitumba, kuume ni mama wa mikate, njo maana vitabu vyake vyote vinanuka mafuta ya mikate, ata ukifika nacho nyumbani kinaendelea kunuka wiki nzima. Anauza Biblia zenye zipu, vitabu vya shule vya Uganda vyenye bado viko na kashe, roman za Kifaransa zenye jua lilikula rangi mpaka mwanamke wa ku jalada amebaki kivuli, na ajenda za miaka yenye ilishapita, hizo wamama wa butike wananunua sana kwa kuandika madeni ya watu. Dikisionere haikuwa mu mustari na zingine. Ilikuwa imelazwa ku kona ya bashi ju upepo usiibebe. Mu mji wenye mawe ya volkano iko kila fasi, mawe ya kujengea, mawe ya kukalia, mawe ya kujikwaa, ule papa akaona jiwe la kufaa ni dikisionere!

Jalada haiko. Kurasa za mwanzo haziko. Inaanza ku "abdicate", basi jina la wenye waliichapisha siwezi kuwaambia, kama ni ya watu wa maana ama ya nani. Ku ubavu, kule kurasa zinakutana, kuna kashe ya shule moja ya Uganda, nusu imefutika. Nilipita nayo ku muuza nyama nikamuomba aiweke ku mizani, kilo 2 na robo, akaniuliza kama ni ya kuchoma ama ya kupika.

Bei. Alisema 20. Nikasema 5. Akacheka, nikacheka, akasema "Mama, hii ni Kingereza yote iko ndani", nikamuambia Kingereza yote haiwezi kukosa jalada. Tukafika ku 8. Nikatosha noti ya dola 5, zile zingine franka. Papa akavaa lineti zake, zenye upande mumoja zimefungwa na kamba ya kiatu, akainua noti juu ya jua akaizungusha polepole kama daktari wenye anaangalia radio ya mapafu, kisha akanirudishia. "Hii imepasuka." Mpasuko wenyewe ulikuwa mudogo kama kucha ya mutoto wa juzi, lakini munajua kwetu, dola ikiwa na kidonda ni maiti. Nikamuambia angoja niende ku kambisti, ule wa kubadilisha makuta, na ju asiuzie mutu mwingine nikamuachia mwavuli wangu kama garanti, kana kwamba kulikuwa foleni ya watu wenye wanagombania jiwe lake. Kambisti akaikamata kwa bei ya huruma, nikarudi, nikalipa, nikabeba mzigo wangu ku bega, nikaenda. Mukumbuke mwavuli.

Sasa kitabu chenyewe. Karatasi ni zile nyepesi kama za Biblia, ukiwa na mate ku kidole zinatoboka. Herufi ndogo, ndogo kabisa, usiku bila lampe ya sola usijaribu. Lakini maelezo ni ya kutosha: kila neno wanakuonyesha linatoka wapi, Kilatini ama Kigiriki ama Kifaransa cha zamani, na hiyo kwa siye wenye tulisoma mu Kifaransa ni sukari, ju nusu ya maneno unakuta ni ndugu yako wa nyumbani amevaa koti ya Waingereza. Wenye walikuwa nayo mbele yangu waliandikaandika na krayo. Mumoja, nafikiri mwanafunzi, alipiga mustari chini ya maneno yote ya mapenzi mu herufi L, kisha ku herufi M akaacha, sijui kama walimuacha ama mitihani ilifika.

Siku ine nilikuwa naisifu kwa kila mutu.

Siku ya tano ilikuwa masomo. Niko na wanafunzi tisa, wengi wanataka Kingereza ju ya kazi za ONG, wawili ju ya biashara, ju tangu Congo iingie mu jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 watu wanaona Kampala na Nairobi ni karibu kuliko Kinshasa. Mumoja ni motari, kijana mwenye maulizo. Akatuambia kisa: mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, volkano ilipasuka usiku, siku chache kisha wakatangaza watu watoke mu mji, yeye na mama yake wakatembea kwa miguu mpaka Sake pamoja na familia ya jirani. Walilala nao mu darasa moja, wakagawana bugali mu sahani moja. Juzi amebeba kliya ku moto kutoka Majengo mpaka Katindo, wakapandishana bei kabisa, wakasemana, kliya akashuka akalipa, na njo wakati alihesabu makuta akamuangalia mikono, akasimama. Ni ule mutoto wa jirani. Ule wenye walilala naye Sake. Njia yote alikuwa ku mgongo wake na hakumujua!

"Mwalimu, hiyo inaitwa je mu Kingereza?"

Nikamuambia mbio mbio: "recognize". Past tense, "I recognized him". Akatikisa kichwa. Akasema hapana, mwalimu, recognize ni kama kuona mutu na kusema uyu ni fulani, ata polisi anaweza "recognize" moto yangu, miye nataka neno la mutu wenye ulikuwa naye, akatoka mu kichwa kabisa, kisha akarudi. Wengine wakaanza kumusaidia, kila mutu na lake. Mu Kiswahili chetu tuko na vipande vipande. Kuna "nilikufananisha", hiyo ni pale ungali ku mulango, unaona sura inakuita lakini jina haliji, na ukikosea unaomba radhi. Kuna "ulipoteaka wapi?", hiyo tunaisema kila siku, na uangalie vizuri, tunamuambia mwenzetu yeye njo alipotea, ata kama ni siye tulimusahau, siye tulikuwa tu hapa tumekaa. Lakini ile sekunde yenyewe ya katikati, kutoka "nakufananisha" kufika "eh, ni weye!", hiyo hatuna jina moja, tunapiga tu mikono.

Basi miye, ju nilitaka kujionyesha na kilo zangu mbili na robo, nikafungua ku R ju niwasomee yote yenye iko chini ya "recognize". Natafuta. Ukurasa unaisha na "raven", ule ndege mweusi. Nageuza. "Resign".

Nikafikiri kurasa zimeshikana ju ya mafuta ya mikate. Nikalamba kidole. Hapana. Nikahesabu namba, kurasa 32 haziko, zimetoka vizuri bila alama, kama jino lenye lilishikwa na uzi. Muwaze kidogo ni maneno gani inakaa kati ya "raven" na "resign". "Read" haiko. "Reason" haiko. "Recognize" haiko, "remember" haiko. "Republic" haiko, hiyo tuache. Na sasa musikilize: "receipt" haiko, "refund" haiko, "replace" haiko, "repair" haiko! Yaani maneno yote yenye mutu angehitaji ju ya kumurudilia muuzaji, ule papa aliyatosha mbele. Wanafunzi walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikabaki na aibu yangu na lampe. Walipoenda nikasema siwezi kulala bila neno la ule mutoto, nikaanza kutembea mu kitabu kutoka mwanzo, na sikuenda mbali, ju mu A njo nilikuta ukurasa wenye umenirudishia dola zangu zote 8.

Nawapa ule ukurasa vile uko. Juu kuna "agnail", ile kangozi yenye inapasuka pembeni ya kucha. Chini yake "agnate", ndugu wa upande wa baba, hiyo mu familia zetu ingehitaji dikisionere yake peke yake. Kisha "agnize". Kisha "agnomen", "agnosia", "agnostic", na chini kabisa "Agnus Dei", Mwana Kondoo wa Mungu, ile yenye tunaimba mbele ya komunyo.

"Agnize". Miaka yote nafundisha Kingereza, sijawahi kulisikia ku mutu. Wanasema ni la zamani, halitumiwi tena, maana yake ni kutambua, na pia kukubali, kukiri. Linatoka mu Kilatini "agnoscere", yenye ni "ad", kwa kuelekea, na kujua: unaelekea ku kujua, unakaribia. Na Waingereza walilitengeneza kwa kufuata mufano wa "recognize". Shakespeare alilitia mu mdomo wa Othello, jemadari wa mchezo wake wa kuigiza, tendo la kwanza, onyesho la tatu, pale wakubwa wa Venice wanamutuma Kupro kupigana na Waturuki, anawajibu kwamba ana-agnize, yaani anatambua mu roho yake, kuna kitu kinamusukuma mbio ku maisha magumu. Hiyo kidogo inanipa wivu: mutu anaambiwa usiku aende vita, bibi yake amemuoa juzi, na anasema ndiyo, najijua, niko hivi. Nyerere alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare mu Kiswahili, Othello haimo, kwa hiyo hatutajua angeweka neno gani pale. Miye ningeweka "natambua". Ju "kutambua" yetu inabeba yote mbili: unatambua sura ya mutu, na unatambua deni lako. Kifaransa nacho kinafanya hivyo na "reconnaître", tena kinaongeza shukrani juu, mutu wa "reconnaissance" ni mutu wenye hasahau wenye walimufanyia muzuri. Ile ya wasoda, ya kutuma mutu mbele aangalie njia, nayo ni neno lile lile.

Lakini utamu wenyewe uko ku majirani. Angalia "agnosia", mustari wa pili chini yake. Inafanana na "agnize" kama mapacha, na maana yake ni kinyume kabisa! Hiyo ni Kigiriki, ile "a" ya mbele ni ya kukataa, sawa na "ha" yetu: hajui. Daktari Freud alilitumia mwaka 1891 kwa wagonjwa wenye macho yanaona lakini kichwa hakitambui kitu chenye kinaona. Na "agnostic" vilevile, Muingereza Huxley alilitunga mwaka 1869 kwa mutu wenye anasema juu ya Mungu sijui na siwezi kujua. Kwa hiyo ku ukurasa mumoja, ndani ya vidole vitatu, kuna "kuelekea kujua" na "kutojua", wanakaa mulango kwa mulango, wanavaa nguo moja, na mutu wenye hajasoma asili yao atawasalimia kwa jina la mwingine. Telefone ingenipa nini? Ningeandika "recognize", ingenijibu "recognize", mega zingeisha, tungelala. Wenye wananiambiaka programu za bure zinatosha, ni kweli zinatosha, kama unajua chenye unatafuta.

Onyo hapa, ju namujua motari wangu. Siku ile nilipowapa "agnize" alilipenda kupita kiasi, akauliza kama anaweza kuliandika mu barua ya kuomba kazi. Hapana! Mukiliandika mule, wazungu watafikiri mulikosea "organize". Hili ni neno la kuweka mu sanduku na kitenge cha ndoa, unalitosha siku moja moja.

Na kwa ile sekunde yake ya kuangalia mikono ya kliya, kulikuwa na neno lingine mbele kidogo, mu A hiyo hiyo, refu, la Kigiriki: "anagnorisis". Aristotle, ule mwenye hekima wa Wagiriki wa zamani, njo alilieleza, akiongea juu ya michezo ya kuigiza: kutoka kutojua kuingia kujua, ghafla, na kutoka pale watu wanakuwa marafiki ama maadui. Niliwafundisha na Yusufu, ju Yusufu kila mutu anamujua. Walimuuza akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao na miaka 30, kisha miaka ya shibe, kisha njaa, ndugu zake wakakuja kununua ngano, yeye akawatambua na wao hawakumutambua. Soma Mwanzo 42. Anawazungusha weee mpaka sura ya 45 njo anafukuza watu inje na kulia na kusema mimi ni Yusufu. Muone vizuri: muuzaji njo alitambua wanunuzi.

Birere ilikuwa kinyume.

Nilirudi wiki ya tatu, ju kila siku kulikuwa sababu, na nilikuwa nimepanga maneno ku moto njia yote. Nikafika, jua kali, nikasimama mbele ya bashi na dikisionere ku mikono mbili kama mutoto wa kubatizwa.

"Papa, hii uliniuzia inakosa kurasa 32."

Akainua macho. "Nani alikuuzia?"

"Weye."

"Miye?" Akavaa lineti, akaniangalia uso, akaangalia kitabu, akaniangalia tena. "Mama, miye sikujui. Na kile kitabu sikijui. Batu banapita mingi hapa."

Nikamuambia bei. Nikamukumbusha "Kingereza yote iko ndani". Hapana. Mama wa mikate akajifanya anageuza mikate. Muuza viatu akasema, tena sikumuuliza, kwamba siku hizi kuna watu wanakotaka vitabu fasi zingine wanakuja kudanganya wazee, na hapo damu ikapanda mpaka ku masikio, ju kunifananisha na mwizi mbele ya watu, mu mtaa wenye wanafunzi wangu wanapita, hiyo mutu hawezi kuvumilia. Nilianza kusema kwa nguvu. Papa naye hakupandisha sauti, na hiyo njo iliniumiza zaidi, aliendelea tu kuniangalia na ile sura ya mutu wenye anatafuta kitu mu nyumba yenye giza, na mu kichwa changu nikasema basi iko na ule ugonjwa, ju kuna ugonjwa kabisa, uko mu dikisionere herufi P, "prosopagnosia", Mujerumani mumoja, Bodamer, alilipatia jina mwaka 1947, mutu hatambui sura za watu, ata za nyumba yake, anawajua kwa sauti ama kwa mwendo ama kwa nguo. Ndugu ya agnosia. Unaona, kitabu chake chenyewe kilinipa matusi ya kisomi, na sikuyatumia.

Jua likanipiga ku kichwa. Nikasema, miye nikijisemea tu, "na mwavuli wangu nao sijui nilipotezea wapi".

Papa akasimama. Akaingiza mukono chini ya sanduku la Biblia, akatosha sashe nyeusi imefungwa mafundo mawili, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, na ndani kulikuwa mwavuli. Wangu. Wa maua ya njano, mfupa mumoja umevunjika, nimeufunga na uzi mwekundu. Wiki tatu nilikuwa nimesema niliusahau mu taksi, nilishauombolezea!

"Mama wa mwavuli!" akapiga kelele. "Mama wa dola ya kupasuka! Kumbe ni weye! Lakini ulipoteaka wapi?"

Munaona? Miye njo nilipotea.

Akaanza kueleza mtaa mzima kama vile miye sikuwa pale, alikamata noti yangu vipi, nilikimbia vipi ku kambisti, niliomba vipi bei, yote, neno kwa neno, ata ile "haiwezi kukosa jalada". Uso wangu haukumuambia kitu, mwavuli ulimuambia yote. Na miye nilipouona nilisahau matusi nilikuwa nimepanga. Aristotle anasemaka kutambuana kwa njia ya alama, kovu ama mukufu ama kitu cha mukononi, njo aina ya chini kabisa, watunzi wanaitumia wakikosa akili. Sawa, ila naona hakuwahi kurudisha kitabu ku Birere saa saba ya muchana.

Basi tukakaa. Mama wa mikate akaleta mikate mine, hakutaka makuta, nafikiri ni ju ya aibu. Sasa mutauliza kama nilirudishiwa pesa: hapana. Hilo neno haliko mu dikisionere na haliko pale. Papa alisema pesa ilishakula chumvi. Lakini alitafuta mu sanduku akakuta dikisionere nyingine, ndogo, ya shule, yenye R yake ni nzima, tukaenda pamoja ku mashini ya fotokopi, tukatosha kurasa zote kutoka "raven" mpaka "resign", yeye akalipa nusu na miye nusu. Tulifika na umeme umekatika, tukangoja jenereta karibu saa nzima, na hiyo saa aliniambia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi, kwamba vile vitabu vya kwanza vya bashi vilikuwa vyake mwenyewe, vya nyumbani, aliviuza kimoja kimoja kisha akazoea. Macho yake yanaona vizuri mbali, karibu hapana. Nilimuuliza kwa nini hakunivalia lineti siku ya kwanza, akasema alizivaa, lakini kwa noti.

Zile fotokopi sasa nimezikunja ndani ya dikisionere pale R inakatika. Ni za kitabu kingine, herufi ni kubwa kuliko, zinatokeza pembeni kama ulimi. "Recognize" iko pale na mistari mitatu tu. Inatosha.

Kama munataka kwenda: panda moto mushuke Birere, muulize papa wa vitabu wa karibu na mama wa mikate, wote wanamujua. Mvua ikinyesha haiko. Siku ya Mungu haiko. Atakuambia bei mara mbili na nusu ya yenye atakubali. Dola ibebe nzima, ipige pasi kama unaweza. Mbele ya kulipa hesabu kurasa, usianze ku A kama miye, anza ku R, na S pia ju sijaimaliza kuangalia. Usimulaumu kama kesho yake hakujui, muachie kitu.

Kitabu nakipa nyota 3 ju ya 5, moja imetoka na zile kurasa 32, nyingine na mafuta. Papa namupa 4. Ingekuwa 5, ila juzi nilipita pale bila mwavuli, nikamusalimia "papa, habari ya siku mingi", akaniitikia vizuri sana kisha akaniuliza kama natafuta Biblia yenye zipu.